Kijani Yumo, Kijivu Hayumo

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mbegu. Mvua ilikuja mara moja, tukapanda, ikakata. Uwele uliochipua ukakauka ukasimama shambani kama nywele za mgonjwa. Wenye subira walingoja mvua ya pili. Sisi tulikwisha kuzisaga mbegu za akiba tukazisonga ugali, ugali wa mbegu kwa mlenda mkavu. Mwenye ubuyu alikoroga uji wa ubuyu akawaambia watoto ni maziwa, nao wakanywa. Mjini Dodoma nako walikuwa na kilio chao, wali wa chenga na maharage yasiyoiva, lakini kilio cha mtu aliyeshiba hukisikii vizuri ukiwa na njaa.

Mwaka huo binti yangu alikuja kijijini kunichukua. Alisema ni kwa ajili ya macho, na kweli macho yalikuwa mabaya. Nilikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, nikimwona mbuzi nampa shikamoo. Hospitali walisema watafanya jicho moja, lipone, kisha la pili. Kati ya jicho na jicho nilitakiwa nikae karibu. Karibu ni nyumbani kwa binti yangu, Area D, hapo mjini Dodoma. Na nyumbani kwa binti yangu ndiyo nyumbani kwa mkwe wangu. Hapo ndipo mzigo ulipo.

Sisi Wagogo, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawali chungu kimoja, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja anapisha porini hadi mwenzake apite. Asiyejua anadhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko ya kupigiwa magoti. Mkwe wangu si Mgogo, ni mtu wa Kolo, Mwislamu, kwao wana adabu zao, lakini alipokuja kuposa aliambiwa na za kwetu, akazishika kuliko vijana wetu waliozaliwa nazo. Kwa hilo nilimpenda, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Nilimuuliza binti yangu, "Nitalala wapi?"

"Mama, kuna chumba chako. Kina mlango."

"Mlango unafungukia wapi?"

"Kwenye korido."

"Na chumba chenu?"

"Kwenye korido."

"Na choo?"

Akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Basi hicho si chumba," nikamwambia. "Hiyo ni njia panda."

Lakini nilikwenda, kwa maana kipofu hachagui nyumba. Siku za mwanzo tulikuwa kama panya wawili kwenye tundu moja. Asubuhi moja natoka chooni, yeye anatoka chumbani na taulo kiunoni. Nikageukia ukutani nikajifunika kanga hadi kichwani. Yeye akageuka kwa kasi akajigonga kwenye mlango wake mwenyewe, nikalisikia paji la uso likilia. Alikwenda kazini Mtumba na nundu. Sijui ofisini aliwaambia imetoka wapi.

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akaacha kucheka, maana aliona nimeanza kunywa maji kidogo ili nisitoke chumbani. Ndipo akanipa dawa.

Baada ya bandeji ya jicho la kwanza kutolewa alikuwa amenipa simu ya kupangusa, ili niwaone ndugu kwenye picha. Na sebuleni, juu ya kabati, kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ndogondogo, ambacho mkwe wangu alikiweka mwenyewe. Ndicho kinachogawa waifai. Binti yangu akakaa kando yangu akabonyeza, ikatokea orodha.

"Ona, mama. Hivi ni vyote vilivyoshika waifai ya humu ndani. Hii runinga. Hii simu yangu. Hii simu ya baba. Hii yako. Nimekuandikia kwa herufi kubwa usome."

Nimesoma hadi darasa la nne. Nikasoma: RUNINGA. SIMU YA MAMA. SIMU YA BABA. SIMU YA BIBI. Kila jina na alama yake ya mviringo.

"Ikiwa ya kijani, yumo. Ikiwa ya kijivu, hayumo. Baba akifika getini tu, simu yake inashika yenyewe. Ukiona kijani unajua mkwe wako anaingia, unajiweka chumbani. Hamtagongana tena."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ukihesabu unaita hasara. Nilipokuwa msichana nilisimama mlangoni mwa zizi jioni wakiingia, natazama tu, na ile nafasi iliyo wazi ndiyo iliyoniambia nani amebaki malishoni. Marehemu baba yangu alisema jicho langu halikosi. Sasa jicho limerudi, na nimepewa zizi kwenye kioo. Niliringa, nisiseme uongo. Kanisani niliwasimulia wanawake hadi wakachoka. Mmoja akasema, "Bibi, wewe sasa ni mjumbe wa nyumba kumi." Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ile sifa niliichukua nikaenda nayo nyumbani.

Nikawa na utaratibu. Jioni nakaa sebuleni na wajukuu kwenye kile kiti kikubwa kinachotazama runinga, bakuli mapajani, simu mkononi. Kijani cha SIMU YA BABA kikiwaka, nainuka. Nikiwahi nabeba bakuli, nisipowahi naliacha mezani. Nafunga mlango wa chumba, nakaa kitandani, naendelea kukitazama kijani chake ili nijue akitoka tena. Geti linalia, gari linaingia, sauti yake inawasalimu watoto. Nasikia nafurahi. Nilijiona mama mkwe wa kupigiwa mfano.

Kiti kile kikubwa kilikuwa chake. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Kisha mambo yakageuka taratibu. Kijani kinawaka, naingia chumbani, nafunga mlango, nangoja geti. Geti halilii. Kijani kipo, kimekaza macho kama mbwa wa mlangoni, na nje kimya. Chakula cha watu kinapoa, watoto wanalazwa. Mimi nasinzia, naizima simu ili betri isiishe, nalala, na ndani ya usingizi ndipo nasikia geti. Asubuhi binti yangu uso umemvimba.

"Anasema kazi ni nyingi Mtumba," akaniambia siku moja, tukichambua mchele. "Akija hali. Anasema ameshiba."

Nami nikasema. Mungu anajua nilipaswa kuufunga mdomo kwa uzi, lakini nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

"Mtumba gani? Simu yake inafika hapa jua likiwa linazama."

"Inafika hapa?"

"Kijani kabisa."

Aliacha mchele. "Simu ipo, gari halipo, mtu hayupo. Mama, una hakika?"

"Jicho langu halikosi."

Aliliwaza lile neno siku mbili tatu, na mimi nililiwaza pamoja naye. Nilijaribu simu yangu mwenyewe: nikatoka nayo hadi uani, nikaenda hadi kwenye ukuta wa jirani, nikatazama. Kijani. Kumbe waifai haijui ukuta. Mtu mwingine angejifunza hapo kwamba kioo kinasema simu iko karibu, hakisemi mtu yuko wapi. Mimi nilijifunza jambo lingine. Ng'ambo ya ukuta ule alipanga mwanamke mmoja anayekaanga maandazi, hana mume, anacheka kwa sauti. Nikalijumlisha.

"Mwanamume asiyekula kwake ana sufuria nyingine mahali," nikamwambia binti yangu. "Na hiyo sufuria haiko mbali. Iko ukuta tu."

Hakulia. Afadhali angelia. Alisimama akafuta mikono kwa upindo wa kanga, akasema, "Sawa, mama," kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Yule mwanamke wa maandazi, kila asubuhi alikuwa akipita getini kwetu na beseni lake, ananiambia, "Shikamoo, bibi, macho yanaendeleaje?" Tangu siku ile sikumpa marahaba. Nilimtazama kama namtafuta mtu nyuma yake. Mara ya kwanza alirudia, akidhani sikusikia. Mara ya pili alisimama kidogo. Baada ya hapo alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Mkubwa akikunyima marahaba amekuvua nguo njiani, na mimi nilikuwa najua hivyo.

Ikaja jioni ambayo binti yangu alitoa begi. Alikunja mashati ya mumewe, suruali za kazini, akaweka na kofia ya kuswalia juu kabisa, taratibu, kisha akaliweka begi kwenye kibaraza. "Akija, achague," akasema. "Mimi sitauliza tena." Watoto walikuwa mezani wakifanya kazi zao za shule, wakajifanya hawasikii. Mimi nilikuwa kwenye kiti kikubwa. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga bado upo. Nikatazama simu. SIMU YA BABA ikawa kijani.

Sikwenda chumbani. Nilichukua fimbo yangu, nikajitanda kanga, nikatoka na simu mkononi. Nilikuwa nakwenda kumfumania mkwe wangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke ambaye kwa mila hatakiwi hata kukanyaga kivuli cha mkwewe alikuwa anakwenda kumtoa kitandani kwa jirani, kwa fimbo.

Sikufika kwa jirani. Gari lilikuwa pembeni ya ukuta wetu, upande ule usio na dirisha, taa zimezimwa. Nilisogea na jicho langu moja zima. Alikuwa amekaa kwenye usukani, peke yake, shati la kazini, foili ya chipsi mapajani. Anakula kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika simu, na mwanga wa simu umemmulika usoni. Niliijua ile orodha kabla sijaisoma. Alikuwa anatazama zizi lilelile.

Tukaonana. Mimi nikageukia ukuta nikajifunika. Nikasikia foili ikianguka.

Kukimbia sikuweza, kwa sababu ya mguu unaoniuma na kwa sababu ya begi lililokuwa kibarazani. Kwetu mtu akilazimika kusema na mkwe husema na kitu kingine. Nikasema na ukuta.

"Ukuta, muulize huyo aliyemo kwenye gari, anafanya nini nje ya nyumba yake?"

Mlango wa gari ukafunguka kidogo.

"Ukuta, mpe mama shikamoo yangu kwanza."

"Mwambie marahaba. Sasa ajibu."

"Mwambie nasubiri apumzike. Akishazima simu, naingia."

"Mwambie mimi naingia chumbani kila kijani chake kinapowaka. Hata kabla."

Nikasikia akiigonga simu kwa kidole. "Mbona chake hakizimiki? Hapa kinaonyesha bado amekaa."

"Kitazimikaje na mimi namtazama yeye?"

Ukuta ule wa matofali ulituvumilia. Mimi chumbani nimeikodolea simu kuona mkwe ameingia au bado; na kwa sababu simu yangu ilikuwa inawaka, yeye huku nje aliona bibi bado yuko sebuleni. Yeye akiishika waifai ili anione, mimi namwona nakimbia. Paka wawili kwenye mlango mmoja, kila mmoja anamngoja mwenzake apite.

"Muulize ni nani aliyemwambia akae nje."

"Hakuna." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tangu zamani. "Mwambie zile siku za kwanza nilikuwa naingia nakuta bakuli mezani linatoa moshi, na watoto wanauliza bibi amekimbia nini. Mtu mzima, mgonjwa wa macho, anakatizwa chakula kila jioni kwa sababu mimi nimerudi. Niliona ni dhambi. Nikasema nikae hapa mpaka ashibe, alale."

"Na mkewe anajua?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mama yako amenitoa nje? Angekuchukia wewe, au angenichukia mimi." Hapo alisahau ukuta, alisema na mimi moja kwa moja, kisha akakohoa kwa aibu.

"Ukuta, muulize amekuwa akila nini."

"Chipsi."

"Kila siku?"

"Mara nyingine chipsi mayai."

Siku nyingine ningecheka. Nilisimama nimeegemea tofali, mtu aliyesema *ana sufuria nyingine*. Sufuria yenyewe ilikuwa chipsi za baridi kwenye foili, naye analiwa na mbu, ili mimi nimalize mboga yangu kwenye kiti chake. Adabu yangu nilikuwa nimeihesabu mimi mwenyewe, nikaisifu mwenyewe. Ya kwake haikusifiwa na mtu, iliwekwa kwenye begi.

Tuliporudi, mimi mbele yeye nyuma kwa mbali, binti yangu alikuwa kibarazani. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama fimbo.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuna mwanamke. Alikuwa ananingoja nilale. Maneno yote yalikuwa yangu."

Mumewe ndipo alipoliona begi. Hakuuliza la nani, aliiona kofia yake. Mimi nilikaa nimegeukia upande wa pili. Binti yangu akainama akalibeba begi lile kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani, mumewe nyuma yake, na mlango wa chumba chao ukafungwa. Sijui walisema nini. Waliyosema ni mali yao, na mimi nilikwisha kula vya watu vya kutosha.

Asubuhi nilikwenda kwa mama wa maandazi. Alikuwa anachuja mafuta. Nikasema, "Mwanangu, nimekuja na marahaba zako zote nilizozifungia."

Aliendelea kuchuja. "Nilikukosea nini, bibi?"

Nikamwambia. Sikupunguza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, si kile kicheko chake cha kawaida.

"Mimi yule baba namjua kwa taa za gari tu. Mtaa mzima tunajua anakaa pale. Muuza chipsi ndiye anayempelekea. Sisi tulidhani mnamfukuza, tukasema yule bibi ni mkali, amekuja kumwoza binti yake upya."

"Mtaa mzima?"

"Nyie tu wa ndani ndio hamkujua."

Alinipa maandazi kwenye karatasi. Niliyakataa, akayasukuma tena mkononi, akasema, "Chukua, bibi, usinitukane mara mbili." Nikachukua. Hakunisamehe, alinilisha tu, na ni vitu viwili tofauti. Kesho yake alipita upande wetu wa barabara akanisalimu, nikamwitikia kwa sauti kubwa hadi nikajionea haya.

Siku ya pili yake binti yangu aliingia chumbani akakaa kitandani kwangu. Alikuwa na uso wa kupanga mambo.

"Mama, kosa lenyewe ni dogo. Ukiingia chumbani, zima simu. Yeye akiona kijivu, anaingia. Basi."

Lilikuwa dogo kweli. Lakini nililifikiria usiku uliopita na nikaona mtu mwenye nyumba, aliyeipandisha tofali kwa tofali, anasimama nje ya ukuta wake anangoja ruhusa ya kioo. Kijani, asiingie. Kijivu, aingie. Na mimi ndiye ninayewasha na kuzima. Hata kama atangoja muda mfupi kama wa kufungua kamba ya kiatu, bado anangoja. Nikaanza kukunja vitenge vyangu.

"Unafanya nini?"

"Nakwenda kwangu."

"Kwako kuna nini, mama? Na jicho la pili? Wamekwambia urudi."

"Jicho la pili litangoja. Moja linatosha kuona nilichokifanya."

"Basi acha hiyo mila," akasema, na sauti ikapanda. "Kaa mezani, ule na sisi, na yeye akae, watoto wawaone wote. Hapa ni Area D. Nani atakucheka?"

"Nitajicheka mimi."

"Kwa hiyo mila ni kubwa kuliko mimi."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu kuna upande ambao lilikuwa kweli. Najua ndani ya kuondoka kwangu kulikuwa na kiburi. Mwenye kosa akikaa, kila asubuhi analiona kosa lake likipiga mswaki. Akiondoka, anaitwa mwenye msimamo. Nilijua hivyo na bado nilikunja kitenge.

"Sikai kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anakula kwenye gari," nikamwambia.

Akatoka. Nikawasikia wakinong'ona korido, yeye na mumewe, sauti ya mkwe wangu ikiwa chini na ndefu. Akarudi macho mekundu.

"Anasema hatakula tena kwenye gari. Anasema ataweka chumba chako uani, chenye mlango wake na choo chake, mafundi waje wiki hii. Anasema amekuomba, mama. Anasema ukiondoka atajua ni yeye aliyekufukuza, na atabeba hilo hadi kaburini. Unataka abebe na hilo?"

Sikutaka. Fundo la kitenge likanishinda, akalifunga yeye, huku analia, kwa sababu ni mtoto mwema. Mlango ulikuwa wazi na nilijua mkwe wangu amesimama nyuma ya ukuta wa korido, amegeuka, anasikiliza. Nikapandisha sauti ili isipitie kwa mtu mwingine.

"Sikai kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anakula kwenye gari."